Flashi ya Kizuka

Jumanne, 24 Machi

Idi imepita, sikupaka hina wala sikutoka. Mimi ni kizuka. Mrisho, mume wangu, alifariki Ramadhani katikati ya kumi la kwanza na la pili, na tangu hapo nakaa eda kwa mama yake, hapa Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa pande zote mpaka jua tunaliona saa sita tu. Miezi minne na siku kumi. Sitii wanja, sijifukizi udi, sitoki, na mwanamume asiye maharimu wangu hanioni. Mimi niliyekuwa nikiizunguka Kariakoo yote kwa miguu, nikijua nani anauza nini na nani mwongo, leo soko nalisikia kupitia dirishani.

Nimeanza kuandika kwa sababu nisipoandika nitamjibu vibaya mama mkwe.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Mama mkwe, Bi Kuruthumu, amekuja kuniambia nisikae karibu na dirisha, watu wa ghorofani watanichungulia. Nikamwambia watu wa ghorofani wako kwenye biashara zao. Akasema, "Biashara haizuii macho."

Jumapili, 29 Machi

Scholastika amepiga simu. Ni wakili, na kabla ya msiba nilikuwa nikimfanyia kazi ya kuandika maelezo ya wateja wake. Baada ya salamu na pole ameuliza jambo moja: "Dada Najma, ile bakapu, nakala ya akiba, umefanya?" Nikasema bado.

Nieleze vizuri, ili hata nikija kusoma uzeeni nielewe. Mwanne ni msichana wa Magomeni. Alipelekwa ng'ambo kufanya kazi za ndani na wakala mmoja mwenye ofisi nzuri na maneno matamu. Aliyoyakuta huko siyaandiki hapa. Alirudi na simu yenye picha za mgongo wake, na sauti ya wakala mwenyewe akimwambia kwamba ameshalipiwa, avumilie, na akipiga tena tajiri ataambiwa amzidishie. Akaniletea simu hiyo, nikazitoa zile picha na sauti nikazihifadhi. Haukupita muda, wezi wakaingia kwa shangazi yake, wakaiacha televisheni, wakachukua simu ile tu. Kwa hiyo zimebaki mahali pamoja duniani, kwenye flashi yangu nyeusi, ndogo kuliko kidole cha mwisho.

Flashi hiyo ina kitu kinaitwa Tails. Schola ndiye aliyenifundisha. Unaichomeka, unawasha laptopu, na kompyuta inaamkia kwenye flashi badala ya kwenye tumbo lake yenyewe. Ukizima, haikumbuki chochote ulichofanya. Ni sehemu moja tu inayokumbuka, hifadhi ya kudumu, nayo imefungwa kwa nywila yangu ya maneno matano, ambayo hayamo katika daftari hili wala hayatakuwamo. Hakuna ofisi ya kupiga simu ukafunguliwa. Ukisahau maneno, basi. Flashi ikifa, basi. Ndiyo maana unahimizwa uwe na nakala, flashi ya pili iliyofungwa vilevile, ikae mahali pengine. Nilisema kesho. Kisha Mrisho akalazwa, na kesho zangu zote zikaishia hospitali. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Na Mwanne nilimwahidi. Alinisimulia mara moja, kitandani kwangu, ncha ya kanga mdomoni, akamaliza akasema, "Dada, nimesema kwako. Sirudii tena kwa mtu." Nikamwambia hutarudia, picha na sauti ya wakala zitasema badala yako. Schola naye alimwambia hivyo: vitu vile vikiwepo, mahakamani ataulizwa machache tu. Kesi ni tarehe kumi na mbili Mei.

Jumatano, 1 Aprili

Nimeichomeka leo. Imepata moto mpaka haishikiki, imekataa mara mbili, ya tatu ndipo ikafunguka. Inaumwa. Nikaizima haraka bila kugusa kitu.

Humo humo nimeweka na vitu vya Mrisho: video ya harusi yetu, ya safari ya Bagamoyo, na sauti alizokuwa akinitumia kwa simu akiwa kazini. Niliziweka wiki ile ya mazishi kwa kuogopa kuzipoteza. Karibu zote ni za upuuzi. "Najma, wewe ulisema nazi mbili au tatu? Huku mvua, nazi zimelowa, nazo zina nini, si zina maji ndani?" Kisha anacheka peke yake.

Bi Kuruthumu amenikuta na laptopu mapajani. "Eda ni dhikri, mwanangu, si kompyuta." Nikamwambia ni kazi ya watu. "Kazi ya watu inangoja mtu akizikwa." Nimekuja kuandika hapa.

Jumamosi, 4 Aprili

Nahitaji flashi mpya. Mtaa wa Aggrey, zinakouzwa, ukitema mate yanafika, nami siwezi kwenda. Nimemwomba shemeji yangu Abdulswamad, mdogo wake Mrisho. Yeye si maharimu wangu, basi anasimama nje ya pazia na mama yake anakaa katikati.

"Mwambie anunue flashi ya giga sitini na nne, orijino," nikasema.

Bi Kuruthumu akaligeukia pazia, hatua mbili, akapaza sauti kama anamwita mtu wa Kigamboni. "Anasema flashi ya sitini na nne. Orijino."

"Nimesikia, mama."

"Amesikia," akaniambia.

"Mwambie aipimishe palepale dukani. Waijaze vitu mpaka mwisho, kisha wavifungue."

Hapo Bi Kuruthumu akaninong'oneza kwa ukali. "Hilo silisemi. Mtu anakwenda kunyeshewa kwa ajili yako, unamtuma akapime kama ananunua kwa mwizi?"

Swamadi alikuwa amesikia. "Shemeji, usiwe na presha. Naenda kwa mtu wangu kabisa, tumecheza naye mpira. Hawezi kunipiga changa la macho."

Nikasema sawa. Kila mtu hapa mjini ana mtu wake, na kwa mtu wako hupimi. Ukipima umevunja undugu.

Jumatatu, 6 Aprili

Flashi imekuja. Pakiti imefungwa vizuri, ina stika inayong'aa. Nilitaka kuichomeka papo hapo niikague, lakini Swamadi alikuwa bado yuko nyuma ya pazia anakunywa chai, na mama yake ananitazama. Nikasema ahsante sana shemeji, Mungu akulipe. Nikaiweka chini ya mto.

Alhamisi, 9 Aprili

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi baada ya adhuhuri. Nikasema leo ama zangu ama zake.

Kuizalisha Tails kwenye flashi mpya hakukunipa tabu. Nikatengeneza humo hifadhi nyingine ya kufunga, nikaipa nywila, kisha nikaanza kuhamisha folda moja moja kwa mkono, maana ile ya zamani ilikuwa inatweta na sikuthubutu kuibebesha zote kwa mpigo. Nilianza na folda ya Mrisho. Niandike ukweli: mkono wangu ulikwenda huko wenyewe. Video za harusi ni nzito, zilichukua muda mrefu, nami nikakaa nazitazama zikipita kama mtu anayehamisha mgonjwa kitanda. Baadaye wateja wa Schola, na wa mwisho Mwanne. Flashi ya zamani ikazimika katikati, nikaipepea kwa kanga, ikarudi. Zikaisha. Majina yote yako, ukubwa wote uko.

Kabla ya kufunga nikaizima, nikaiwasha upya kwa flashi mpya, nikaingiza nywila nikajaribu faili moja. Ilifunguka. Ilikuwa sauti ya Mrisho na nazi zake. Nikajaribu na nyingine ya Mrisho, na nyingine, mpaka ikaadhiniwa alasiri na uso wangu umelowa. Mungu anisamehe, nimefurahi leo.

Jumapili, 12 Aprili

Schola amekuja kunipa pole na mkate wa kumimina. Ameondoka na nakala ndani ya pochi yake, nywila nimebaki nayo mimi. Wiki ijayo atairudisha tuifungue pamoja kujiandaa na kesi.

"Umejaribu kuifungua?"

"Nimejaribu. Inafunguka."

Jumanne, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Jangwani hapapitiki. Mtaro wa mbele ya nyumba umejaa mpaka kwenye kizingiti.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo baada ya sala alikuja mwanamke mgeni kutoa mkono wa pole. Baibui safi, sauti laini. Bi Kuruthumu akampisha ndani, kwani nani humfukuza mtu wa pole? Akakaa mkekani, akasoma fatiha vizuri kutuzidi sisi. Kisha akauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani, na mimi je, na kwamba amesikia nina kompyuta humu ndani, kizuka anapata wapi moyo wa kompyuta. Nikasema ni ya marehemu.

"Vitu vya wasichana wa watu si vizuri kukaa navyo kwenye nyumba ya msiba," akasema. "Vinaleta nuksi. Wenyewe wakivifuata, mtu avitoe tu, yaishe." Akaaga, akamwachia Bi Kuruthumu bahasha ya rambirambi.

Bi Kuruthumu akabaki na bahasha mkononi. "Huyu ni nani?"

"Ni wa ofisi ya wakala, mama."

"Wakala gani?"

Nikamweleza. Nilikuwa sijawahi kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitupa bahasha nje dirishani, kwenye mvua, bila kuifungua. Nikashindwa kujua nimwoneje.

Lakini hofu ilikuwa imeshaniingia. Schola alisema hata wakiiiba flashi hawataweza kuifungua. Sawa. Hakusema watanifanya nini mimi ninayejua maneno matano, wala watamfanya nini mwanamke wa miaka sabini na mbili anayelala chumba cha mbele. Nikafikiri: nakala iko salama kwa wakili. Hii ya zamani imeshakuwa maiti, kuiweka ni kuwaitia wezi. Wakija wasikute kitu, niape kwa haki kwamba sina. Nikaenda uani, nikaiweka kwenye kinu, nikaitwanga. Ilikuwa ngumu. Niliitwanga mpaka kava likafunguka na vya ndani vikapasuka, nikakusanya vipande nikavitupa mtaroni vikaenda na maji.

Jumapili, 19 Aprili

Nimelala vizuri.

Jumatano, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Schola alikuja asubuhi na nakala. Tukakaa kitandani, laptopu katikati, nikaingiza nywila, ikafunguka. Akasema, "Tuanze na sauti ya wakala." Nikabonyeza. Ikasema faili haisomeki. Nikabonyeza picha. Haisomeki. Picha ya pili, ya tatu, ya mwisho. Majina yamejipanga pale moja moja, na hakuna hata moja linalofunguka.

"Jaribu folda nyingine," Schola akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

Wateja wengine, hakuna. Nikajaribu ya Mrisho. Ikalia chumba kizima: "Najma, wewe ulisema nazi mbili au tatu?" Nikaizima kwa kofi.

"Si ulisema ulijaribu?"

"Nilijaribu."

"Ulijaribu nini?"

Nikaitazama folda ya Mrisho. Akaelewa. Akauliza ya zamani iko wapi, nikamwambia, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Schola hajawahi kunigombeza, na leo ningeshukuru angenigombeza.

Nikasimama nikavaa baibui. Bi Kuruthumu akanikuta mlangoni, akaweka mkono kwenye kizingiti. "Unakwenda wapi na eda?"

"Aggrey, mama. Yule mtoto ataingia mahakamani mikono mitupu na ni mimi niliyemfanya hivyo. Ukitaka kunizuia nizuie, ila nitapita."

Akanitazama. "Dharura ina hukumu yake," akasema. "Ngoja nivae viatu."

Nilikwenda kwa Beno, fundi simu ninayemjua tangu hana hata kiti. Alinipa pole ya msiba, akaichomeka flashi, akaiendeshea programu yake ya kupimia. Hakuhitaji muda. "Dada Najma, hii feki. Imeandikwa sitini na nne, ndani ni kumi na sita. Ikijaa haikwambii. Inaendelea kupokea tu, unaona mambo yanaenda, kumbe ulichoongeza hakiandikwi popote."

"Mbona majina yapo?"

"Majina yapo. Mwili hamna."

Nikapiga hesabu pale pale, sikutaka, ikaja yenyewe. Tails ilichukua nafasi yake. Iliyobaki ikajazwa na harusi yangu. Ngoma, keki, shangazi zangu wakicheza, Bagamoyo. Za Mwanne ni nyepesi. Ningeanza na za Mwanne, zingeenea zote na nafasi ingebaki.

"Na ya kwanza?" Beno akauliza. Nikamwambia nimeitwanga. Akakuna kichwa. "Kuna chipu moja nyeusi, kama ukucha. Kama hiyo haijapasuka, niletee, hata imelowa. Naihamishia kwenye bodi nyingine."

Nikakumbuka vya ndani vilivyopasuka. Lakini sikuvikagua kimoja kimoja, huenda hicho kilipona. Mtu akikata tamaa hushika hata neno huenda.

Ndipo tukarudi nyumbani, tukaingia mtaroni. Maji yalikuwa yamepungua, matope yakabaki, na kila uchafu wa Kariakoo uko humo: mifuko, magunzi, maganda, vitu visivyoandikika. Mimi kizuka, baibui nimelifunga kiunoni, mikono mpaka viwiko. Nikageuka nikamwona Bi Kuruthumu naye anashuka, ameshikilia ukuta. Nikamwambia asishuke. Akasema, "Nyamaza utafute."

Wauza nguo wa barazani wakasimama. "Bibi, mmeangusha nini?"

"Dhahabu," akajibu Bi Kuruthumu.

Sijui alidhani atawanyamazisha. Watu si waliruka! Katika muda mfupi tulikuwa kundi zima, mwenye fagio, mwenye bati, mwenye ndoo, kila mmoja na mahali pake anapochota. Nilimwona mmoja akiokota kitu cheusi, akakifuta kwenye suruali, akakitazama. "Si dhahabu," akasema, akakitupa nyuma yake. Nikakirukia kwa magoti.

Ilikuwa chipu. Nusu yake. Ile nusu nyingine hatukuipata, na nilipompelekea Beno kule Aggrey alinieleza kwa upole kwamba hata tungeipata, ikishapasuka haiungwi. Akanipa kiti chake nikae. Nimekaa pale mbele ya wanaume, na tope usoni, na sikujali nani ananiona.

Majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimembeba mgongoni tangu asubuhi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimemwambia Mwanne. Alikuja mwenyewe nilipompigia, akamwamkia Bi Kuruthumu, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba, akakaa. Nilimwambia yote, na ya harusi pia. Ningeweza kuificha ya harusi.

Alinisikiliza akiwa ameangalia mkeka. Kisha akasema, "Uliniambia ni mara moja."

"Nilikuambia."

"Dada, mimi ile siku nilirudi nyumbani sikula siku mbili. Nikasema si neno, nimeshasema, imekwisha. Sasa unaniambia nini? Nikasimame mbele ya yule mtu na wanaume wengine wote nieleze nilivyofanywa?"

"Si lazima. Schola anasema unaweza kuiondoa kesi."

"Aende zake akicheka?" Akasimama. "Afadhali mwizi aliyechukua simu. Yeye sikumwamini."

Ametoka bila mwavuli.

Jumatatu, 27 Aprili

Simu yake imezimwa.

Alhamisi, 30 Aprili

Imezimwa.

Swamadi amekuja nyuma ya pazia. Hakumngoja mama yake awe mkalimani. "Shemeji, nimeenda kwa yule jamaa. Nimempiga. Anasema na yeye aliuziwa hivyo hivyo, hakujua." Nilimsikia anapumua kwa shida. "Nisamehe, shemeji. Ulisema nipime."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyapanga wiki nzima. Nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nayo mkononi siku tatu chini ya mto. Nikamwambia kumpiga mtu hakusaidii kitu, aende akanywe chai.

Jumatatu, 4 Mei

Bi Kuruthumu ametoka asubuhi bila kuaga, na mvua yote hii. Amerudi adhuhuri. Alikwenda Magomeni kwa shangazi yake Mwanne.

"Umemwambia nini, mama?"

"Sikumwambia kitu. Nimekaa naye. Tumechambua mchicha."

"Naye hakusema?"

"Alisema nyumba yao inavuja." Akavua mtandio, akaukamua mlangoni. "Kesho nitakwenda tena."

Nimeishi na mwanamke huyu tangu niolewe, na nilikuwa nikimwona ni mlinzi wa desturi tu, mtu wa usifanye hiki usivae kile. Najionea haya.

Ijumaa, 8 Mei

Wamekuja wote wawili, chini ya mwavuli mmoja. Mwanne hakunipa mkono. Alikaa mbali, karibu na mlango.

"Nitakwenda," akasema. "Sikusamehe, dada Najma. Usifikiri nimekusamehe. Nakwenda kwa sababu nikikaa nyumbani yule wakala atapeleka wengine, na mimi nitakuwa najua."

Nikamwambia anayo haki. Schola amemwambia aseme polepole, na asiyoyakumbuka aseme hakumbuki. Mimi siwezi kufuatana naye. Mahakamani ni siku nzima kati ya wanaume, na nimeshavunja mpaka mmoja. Nilimwambia hata hivyo nitakuja, eda nitaijibu mwenyewe kwa Mungu. Mwanne akatikisa kichwa. "Wewe baki. Bibi atakuja nami."

Imenichoma kuliko yote aliyowahi kuniambia, na ni haki yake.

Jumanne, 12 Mei

Wametoka asubuhi. Nimefagia chumba mara tatu. Nimechukua laptopu nikairudisha. Nimesali. Kila baiskeli inayopita nadhani ni wao. Mvua imesimama leo, joto limerudi, na Kariakoo inapiga kelele kama hakuna mtu ana shida duniani.

Bi Kuruthumu amerudi karibu na magharibi, peke yake. Alimpeleka Mwanne kwao kwanza. Alikaa kwenye kiti cha Mrisho, nikamletea maji ya kuwekea miguu. Akaanza mwenyewe. Naandika kama alivyosema, nisibadilishe.

"Hakimu alimwambia, binti, mambo haya ni mazito, ukitaka tutawatoa watu tufunge mlango usikilizwe faragha. Akasema hapana, mheshimiwa, wakae wasikie. Nikamkanyaga mguu. Akaniambia, niache bibi. Akasema yote, Najma. Yote. Mengine hata wewe hukuniambia. Yule wakili wa upande wa pili anamwuliza, picha ziko wapi, sauti iko wapi, tutajuaje? Akamjibu, picha zimepotea, mgongo upo, teua mwanamke yeyote aje autazame. Wakateua askari wa kike. Wakaingia chumba cha pembeni. Yule askari alipotoka alikuwa analia, na alikuwa anatakiwa atoe maelezo, hawezi."

"Na kesi?"

"Imeahirishwa. Mwezi wa sita wanaitwa tena, wakili wa yule bwana hajamaliza kumhoji. Schola anasema bila ile sauti ni ngumu, wanaweza kushinda wao."

Akatia maji miguuni kwa kiganja. Nikadhani amemaliza.

"Tulipotoka nje, pale kwenye ngazi, akatapika. Nilimshika kichwa, watu wanapita. Alipopata pumzi akaniuliza, bibi, tarehe nyingine nitaulizwa yaleyale? Nikamwambia yaleyale, mwanangu, na pengine mabaya zaidi. Akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Akasema, haya, nitasema mpaka wachoke wao. Kisha akaomba maji ya kusukutua."